Tofali, paneli, mbao au kontena: ulinganisho kwa anayejenga Nyanda za Juu Kusini

Pita Isyesye au Uyole upande wa Mbeya, au panda Mkimbizi na Nduli kule Iringa, utazame maboma yaliyosimama bila paa. Lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, imefungwa, milango imezibwa kwa tofali ili mbuzi wasiingie, majani yamefika kiunoni sebuleni, na mwenye nyumba bado analipa kodi ya vyumba viwili mjini. Upungufu wa nyumba nchini hutajwa kuwa takriban milioni 3, na mahitaji mapya kuwa nyumba 200,000 kila mwaka. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mbeya ukiwa na watu zaidi ya milioni 2.3 na Iringa ukikaribia milioni 1.2, na vyuo vya miji hii huleta vijana wapya wa kutafuta vyumba kila muhula wa kwanza. Lakini boma halilazi mtu. Uhaba wa huku kwetu, kwa sehemu kubwa, ni uhaba wa nyumba zilizokwisha.

Ndiyo maana nyumba zinazotengenezwa kiwandani zinastahili kutazamwa kwa makini. Ahadi yake kubwa ni kufupisha muda kati ya msingi na siku ya kuhamia. Ripoti ya kampuni ya McKinsey ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba ujenzi wa namna hiyo unaweza kupunguza muda wa mradi kwa asilimia 20 hadi 50, na gharama kwa hadi asilimia 20 pale mambo yanapokwenda vizuri. Hizo ni hesabu za nchi zenye viwanda jirani, barabara pana na mikopo nafuu. Tuzilete Makambako na Tukuyu tuone zinabaki ngapi.

Njia ninazolinganisha ni tano: tofali za kuchoma au bloku za saruji, ambazo kila mtu anazijua, tofali za kufungamana za udongo na saruji, yaani intaloki, paneli za bati mbili zenye povu jeupe katikati, kuta za mbao zinazoundwa karakanani na kuja kusimamishwa kiwanjani, na chumba kizima kinachokuja kimekamilika, pamoja na kontena lililokatwa madirisha.

Pesa yako inakujaje?

Anza na swali hili kabla ya kuuliza bei. Mkulima wa parachichi Njombe, wa viazi Makete au wa mpunga Mbarali hupata pesa kwa msimu. Mwalimu hupata kidogo kila mwezi. Aliyestaafu hupata kiinua mgongo mara moja. Watu hawa watatu hawafai kupewa ushauri mmoja.

Tofali inavumilia. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mavuno yakikubali kenchi (mbao za kubeba paa) na bati. Unaweza kusimama popote na mali yako ikabaki pale, ingawa mvua inaila taratibu. Intaloki nayo inavumilia, tena vizuri, kwa sababu unaweza kufyatua tofali mia chache kila mwisho wa wiki ukazipanga chini ya turubai. Paneli haivumilii. Kiwanda kinataka malipo ya awali na oda nzima, na povu likiachwa wazi juani linageuka rangi ya manjano na kuanza kuchakaa. Chumba kizima ndiyo kabisa: hakuna kununua nusu yake.

Kwa hiyo nyumba ya kiwandani inataka pesa za mkupuo. Mahali ilikopunguza uhaba kwa kasi, alikuwapo aliyelipa mkupuo huo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza ilisimamisha nyumba za muda za kiwandani zipatazo 156,000 kati ya 1945 na 1949. Zilikusudiwa kudumu miaka 10 hadi 15, na baadhi zilikaliwa zaidi ya miaka 60. Serikali ndiyo iliyozilipia, si mpangaji aliyejikusanyia. Kwetu mikopo ya nyumba katika miaka ya karibuni imekuwa ikitajwa kwa riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka, na kwa kiwango hicho muda unaouokoa kiwandani unaweza kuumaliza benki.

Hata hivyo usiipuuze hesabu ya kodi, maana watu wengi hawaiweki kwenye daftari la ujenzi. Tuseme unapanga kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na nyumba yako ya tofali inachukua miaka mitano kukamilika. Umelipa milioni 12 kwa mwenye nyumba mwingine. Aliyejenga kwa miezi mitatu, hata kama ukuta wake ulikuwa ghali zaidi, hakuilipa hiyo. Ukilinganisha bei mbili, kila moja iandikwe hadi siku ya kulala ndani, kodi ya kusubiri ikiwemo.

Na uliza bei inaishia wapi. Msingi, shimo la choo, bomba la maji, nyaya za umeme, jamvi (sakafu ya zege) na milango vinabaki kazi yako katika njia nyingi za kiwandani. Nimeona makadirio mazuri sana ya nyumba ya paneli ambayo, ukisoma mistari ya chini, hayana msingi wala mfumo wa maji taka.

Kitonga, halafu kilima cha kwako

Paneli nyingi hutoka Dar es Salaam au hupitia bandari yake. Kutoka huko hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na hadi Mbeya zaidi ya 800, na katikati kuna Kitonga, mlima wenye kona kali. Mzigo wa paneli ni mwepesi. Lori hujaa nafasi kabla halijajaa uzito. Zikilazwa bapa, kuta za nyumba ndogo zinaweza kuja kwa safari moja. Chumba kizima ni kinyume chake: unalipia lori kubeba hewa iliyozungukwa na kuta. Upana wa kontena ni mita 2.44, na chumba kinachotaka kuwa kipana kuliko hapo kinaanza kugombana na barabara na vibali.

Ukifika mjini safari haijaisha. Viwanja vingi vya Mbeya viko mlimani, njia ni ya bajaji na ikinyesha ni ya miguu. Kontena tupu la futi 20 lina zaidi ya tani 2, la futi 40 karibu tani 4, na yote mawili yanataka kreni au lori lenye winchi mahali pa kusimama. Paneli moja hubebwa na watu wawili. Tofali hubebwa na yeyote. Kama gari la tani 10 halifiki kwenye kiwanja chako mwezi Machi, futa chumba kizima na kontena kwenye orodha, usipoteze muda kuomba bei.

Baridi ya Juni

Hapa paneli inashinda, na inashinda kwa mbali. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, Njombe juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai unaumiza wazee na watoto wachanga. Povu la sentimita 10 huzuia joto kutoroka kama ukuta wa tofali wenye unene wa zaidi ya mita moja na nusu. Ukuta wa mbao wenye tabaka mbili na nafasi katikati ni mzuri pia. Ukiacha kontena tupu, bloku ya saruji ya inchi 6 ndiyo dhaifu kuliko zote: asubuhi ukiigusa kwa ndani inakuwa baridi kama ya nje. Tofali nene ya kuchoma ina sifa yake, inashika jua la mchana na kulirudisha polepole jioni, jambo ambalo paneli haiwezi.

Kontena bila kuwekewa kinga ya ndani ni mateso. Pumzi za watu wanne waliolala hugeuka maji kwenye bati la dari, na alfajiri yanadondoka kwenye blanketi.

Lakini faida hii ya paneli inakuja na hatari ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nami naomba msomaji wa Njombe, Makete na Mufindi aisome mara mbili. Nyumba zetu za zamani zinavuja hewa kila upande: juu ya ukuta, chini ya mlango, kwenye bati. Watu wamezoea kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, na huo mvujo umewaokoa wengi bila wao kujua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Nyumba ya paneli iliyofungwa vizuri haivuji. Jiko lilelile, usiku uleule, kwenye chumba cha paneli ni jambo jingine kabisa. Ukichagua paneli, weka matundu ya hewa ya kudumu juu na chini ya ukuta wa kila chumba, yasiyoweza kuzibwa kwa nguo, na mkaa ubaki nje. Matundu hayo si kibali cha kuingiza jiko. Kama familia haiko tayari kuacha jiko la mkaa chumbani, usiwajengee paneli.

Moto nao uko hapohapo. Povu la kawaida huanza kulegea na kunywea joto linapofika nyuzi 100 hivi, na likishika moto hutoa moshi mzito. Uliza kama lina dawa ya kuzuia moto, na udai karatasi ya kipimo, si maneno ya mdomo. Zipo paneli zenye nyuzi za mawe badala ya povu. Ni nzito na ghali zaidi, lakini nyuzi zenyewe haziungui. Kwa ukuta wa jikoni peke yake, mimi ningejenga tofali hata kama nyumba nzima ni paneli.

Mvua, upepo na ardhi inayotikisika

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kule nyumba ya kiwandani haitahukumiwa kwa ukuta wake, itahukumiwa kwa maungio. Tazama mahali paneli mbili zinapokutana: ulimi wa moja unaingia kwenye mfereji wa nyingine, halafu fundi anapitisha silikoni, halafu kipande cha bati hufunika kona. Silikoni peke yake haidumu. Jua na baridi vinaichana. Muulize muuzaji akuonyeshe nyumba iliyokaa misimu miwili ya mvua, uende ukatazame kona za chini na chini ya madirisha. Kutu huanzia pale bati lilipokatwa kwa grainda na kuachwa bila kupakwa rangi.

Uzito una pande mbili. Mita moja ya mraba ya ukuta wa bloku za inchi 6 ina takriban kilo 300. Ya paneli ya sentimita 10 ina kilo 10 hivi. Makambako, ambako upepo hausimami, nyumba nyepesi lazima ifungwe kwa boliti zilizozama kwenye zege la msingi, na paa lishikwe hadi chini, si kwa misumari tu. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mtetemeko. Sisi tuko juu ya Bonde la Ufa. Mwezi Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Bukoba, Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi za tofali. Ukuta wa kilo 300 usio na nondo unaua. Wa kilo 10 unatikisika na kubaki. Anayejenga tofali bila lenta iliyozunguka nyumba nzima na nguzo za nondo kwenye kona, aone hapo ni wapi alipookoa pesa.

Intaloki ina nafuu hapa isiyosemwa sana: matundu yake hupokea nondo na zege kwenye kona na pembeni mwa milango, bila kujenga kisanduku cha mbao cha nguzo.

Udongo wako unakubali?

Intaloki ndiyo njia ninayoipenda kwa watu wengi wa huku, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Tofali iliyoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) ina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, maana yake ni tofali 33 hivi kwa mita ya mraba ya ukuta. Haichomwi, kwa hiyo haikati mti wala haisubiri pumba za mpunga. Haihitaji udongo wa kuungia isipokuwa kozi ya kwanza, na wengi huiacha bila lipu kwa nje. Mashine ya mkono inakuja kiwanjani. Kiwanda ndicho kinachokufuata.

Kila kitu kinategemea udongo. Majivu mepesi ya volkano ya Rungwe hayafanani na udongo mwekundu wa Iringa. Chimba chini ya tabaka lenye mizizi, uutie udongo katika chupa angavu hadi theluthi moja, jaza maji, weka kijiko cha chumvi, tikisa sana, uiache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu na mfinyanzi ukawepo bila kupita robo, endelea na kipimo cha pili. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa, ukianike juani kwa siku tatu au kivulini kwa wiki. Udongo utajivuta. Sukuma vipande upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya milimita 12, ndoo moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Milimita 12 hadi 24, moja kwa 16. Milimita 24 hadi 39, moja kwa 14. Hadi 50, moja kwa 12. Zaidi ya hapo ongeza mchanga au tafuta udongo mwingine.

Fundi anayekuambia uwiano kabla hajaugusa udongo wako, mshukuru umwache aende. Na tofali zikishafyatuliwa zifunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki nzima angalau, zisijengwe kabla ya wiki nne. Zinazopasuka mwaka wa pili mara nyingi zilijengwa zikiwa mbichi.

Mbao iko mlangoni

Inasikitisha kwamba watu wa Mafinga wanaagiza paneli kutoka mbali huku malori ya mbao yakipita mbele yao kwenda Dar. Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali. Viwanda vya kutia nguzo dawa vipo, vya maranda na plaiwudi vipo, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Sweden hujenga sehemu kubwa ya nyumba zake za familia kwa kuta za mbao zilizoundwa kiwandani, katika baridi inayoizidi ya Kitulo. Kinachokosekana kwetu ni karakana nyingi za kuunda ukuta kamili, na heshima: nyumba ya mbao bado inaitwa kibanda, na wenye mikopo huitazama hivyohivyo.

Ukipata karakana, mbao zikaguliwe na wewe mwenyewe. Wakulima wengi wadogo huvuna paini ikiwa na miaka 8 hadi 12, nayo ni changa. Hupinda na kusokota ikikauka. Uliza umri wa mti. Chukua kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kikae ndani mahali pakavu wiki mbili, kipime tena. Kikipungua sana, mbao haikukaushwa. Kata ncha uitazame: ukijani wa dawa uwe umeingia ndani, usiwe ngozi tu ya nje. Na kila ncha inayokatwa kiwanjani ipakwe dawa upya, kwa sababu mchwa huingilia hapo. Sakafu iinuliwe juu ya vigingi vya zege karibu nusu mita, na kila kigingi kivikwe kofia ya bati. Hayo yakifanyika, hii ni nyumba ya joto, nyepesi katika tetemeko, na fundi wa kuirekebisha yuko mtaani kwako.

Hilo la fundi ni zito kuliko linavyoonekana. Katerra, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 2015 na kukusanya karibu dola bilioni 2 ili ijenge nyumba kiwandani, ilifungwa 2021. Kama kubwa vile inaweza kupotea, aliyekuuzia paneli zako pia anaweza. Nunua paneli tatu au nne za akiba pamoja na oda, na uhifadhi boliti na vipande vya kona vya ziada, hasa kama unapanga kuongeza vyumba baadaye.

Ningechagua nini

Halmashauri, shule au chuo kinachotaka mabweni au nyumba za walimu kabla ya muhula: paneli, bila kusita. Pesa ziko mkupuo, barabara kwa kawaida inafika, mkaa unaweza kukatazwa kwa kanuni, na nyumba 20 zinazofanana ndiyo kazi ambayo kiwanda huifanya vizuri. Ningependa sana mji mmoja wa huku ujaribu kufanya hivyo kwa mbao za Mufindi.

Mkandarasi wa barabara au mgodi anayehitaji kambi ya miaka miwili: chumba kizima au kontena, zikiwa na kinga ya ndani. Atakihamisha.

Mstaafu mwenye kiinua mgongo na kiwanja chenye barabara: paneli au mbao, jiko la tofali, na theluthi ya pesa ibaki benki hadi maji na choo vikamilike.

Mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, yaani wengi wetu: intaloki, lakini siyo nyumba ya vyumba vinne. Chora hiyo kubwa, uiombee kibali, halafu ujenge kipande chake: chumba kimoja, sebule ndogo, jiko na choo. Lenta fupi za juu ya milango na madirisha zimwagwe chini na kuinuliwa zikiwa kavu; ile inayozunguka nyumba nzima imwagwe palepale juu ya ukuta. Kenchi ziundwe zote kwenye kipimo kimoja ardhini, zifike zikiwa tayari kupandishwa. Fundi seremala mzuri huunda za nyumba ndogo kwa siku chache. Hiyo tayari ni kazi ya kiwandani, bila kiwanda. Kipande hicho kiezekwe, kiwekwe mlango, na uhamie kabla ya mvua za Novemba. Pesa uliyokuwa unampa mwenye nyumba ianze kufyatua tofali za chumba cha pili.

Na kama tayari una boma, usiongeze kozi nyingine. Ezeka upande mmoja, ziba sehemu iliyobaki kwa ukuta wa mbao wa muda, weka choo, uingie.